Rikruta alisema milioni 1.8, ofa imekuja 1.2. Nikubali au niache?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mhasibu, nina CPA (cheti cha taaluma ya uhasibu) na miaka minne kazini, naishi Kimara. Kuna rikruta, yani wakala anayezitafutia kampuni wafanyakazi, alinipata LinkedIn akasema ana kazi, mshahara kati ya milioni 1.8 na 2. Akaniomba slipi ya mshahara, nikamtumia. Nimefanya intavyu tatu, na jaribio la kulinganisha taarifa za benki na kitabu cha fedha za miezi mitatu, tena za kampuni yenyewe. Baada ya hapo kimya wiki tatu, simu hapokei, meseji anasoma hajibu. Ijumaa saa kumi na moja jioni ndo kanipigia: ofa ni milioni 1.2 grosi, yani kabla ya makato, nijibu kabla ya Jumatatu asubuhi na nianze kazi tarehe moja. Alafu kasema nikiingia nimpe nusu ya mshahara wa kwanza, ya shukrani. Sasa hivi nalipwa 1,150,000 grosi na bado nakatwa mkopo wa chuo wa bodi ya mikopo. Nimechoka kutafuta. Nikubali au niache?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe maana muda wako ni mpaka Jumatatu: 1.2 usiikubali, ila usikatae pia, na hiyo nusu mshahara usitoe hata shilingi. Unawajibu kwa maandishi ukiwa na namba moja tu, maneno ya kuandika ntakupa huko chini. Nimekaa upande wa HR miaka mingi na baadae nikafanya kwa wakala wa ajira, kwahiyo hizi simu za Ijumaa jioni nazijua zinavyopangwa. Zinapigwa saa hiyo makusudi, maofisi yanafungwa, huna wa kumuuliza, unabaki wikiendi nzima na presha yako peke yako.

Tuanze na hela maana hapo ndo wengi wanapigwa. Mtu akikutajia grosi we usiishie hapo, shusha mpaka iliyofika mkononi. Chukua mshahara wako wa sasa, 1,150,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ni 115,000, inabaki 1,035,000 na hiyo ndo inayokatwa kodi. Kwa viwango vya PAYE, yani kodi ya mshahara, vilivyoanza Julai 2021, ukivuka milioni moja unalipa 128,000 na juu yake asilimia 30 ya kilichozidi, kwahiyo kodi yako ni 138,500. Bodi wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, tuchukulie wote ni msingi, 172,500. Mkononi inabaki 724,000. Sasa fanya hivohivo kwa 1.2: NSSF 120,000, PAYE 152,000, bodi 180,000, mkononi 748,000.

Tofauti ni 24,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 26 za Jumatatu mpaka Jumamosi ni shilingi 900 na kitu kwa siku, kama ofisi mpya inakulazimisha kupanda gari moja zaidi kwenda na kurudi basi ongezeko lote limeishia kwa konda. Na hapo unaacha kazi ya miaka minne unaenda kuanza probesheni, yani kipindi cha majaribio.

Kwa kipato chako shika hesabu moja kichwani: kila laki moja ya grosi wanayokuongeza, inayofika mkononi ni 48,000, kwasababu elfu 10 imeenda NSSF, 27 kodi, 15 bodi. Ile ya NSSF ni akiba yako mwenyewe na mkopo ni deni lako linapungua, sisemi zimepotea, lakini mwenye nyumba hapokei akiba ya NSSF. Ndo maana mtu akikuambia "tumekuongezea hamsini" inasikika kubwa kwenye simu kuliko itakavyokuwa benki. Ile 1.8 aliyokuahidi ingekuwa 1,036,000 mkononi, yani karibu laki tatu juu ya unachopata leo, hiyo ndo kazi uliyoitwa kuifanyia intavyu tatu. (Wasomaji wa Nairobi makato yenu ni mengine, kuna bima ya afya SHIF asilimia 2.75 na tozo ya nyumba 1.5, fanyeni hesabu kwa jedwali la huko msinakili hizi.)

Sasa, hiyo 1.2 imetoka wapi? Mimi naona wazi imetoka kwenye slipi yako. Angalia, 1.15 kwenda 1.2 ni nyongeza kama ya asilimia 4. Kampuni iliyoomba mhasibu wa 1.8 mpaka 2 ilikuwa na bajeti, rikruta hakuitunga namba kichwani, na kama aliitunga basi tatizo ni kubwa zaidi. Walipoona slipi wakajua huyu tukimwekea kidogo juu ya anachopata atashukuru. Nimekaa kwenye vikao vya hivi, mtu anafungua faili, haangalii kazi ina thamani gani sokoni, anauliza "kwani sasa hivi analipwa ngapi?" basi imekwisha. Mwajiri wako wa sasa anakulipa kidogo, na mwajiri mpya anaitumia hiyo kidogo kama ndo bei yako.

Kwahiyo kuanzia leo slipi haitoki mpaka uwe na ofa ya maandishi mkononi, na hata hapo uliza ni ya nini. Najua watu watasema ukikataa utakosa kazi. Wapo watakaokuacha, ni kweli, ila wengi ukiwajibu vizuri wanasonga mbele. Akiuliza "unalipwa ngapi sasa?" mjibu hivi bila kupandisha sauti: "Mshahara wangu wa sasa ni makubaliano ya ndani na mwajiri wangu. Kwa majukumu haya ninayoyaona, natarajia kati ya kadhaa na kadhaa grosi. Bajeti ya nafasi ikoje?" Alafu nyamaza, muache yeye ajaze ule ukimya. Akisema "lazima HR waone slipi" mwambie utaitoa baada ya ofa kwa ajili ya uhakiki. Tanzania sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na msingi wake ni kwamba anayekusanya taarifa zako akwambie anazitaka za nini na achukue zinazohitajika kwa kazi hiyo tu. Slipi, namba ya NIDA, akaunti ya benki, hivyo sio vitu vya kumrushia mtu WhatsApp siku ya kwanza mnafahamiana.

Huyu rikruta nae tumuelewe anavyoishi, maana ukijua anakula wapi hutomkasirikia sana na hutomuamini sana. Analipwa na mwajiri. Mara nyingi ni asilimia fulani ya mshahara wako wa mwaka, au sawa na mshahara wako wa mwezi. Tuseme kwa mfano ni asilimia 15 ya mwaka. Ukiingia kwa 1.2 yeye anapata 2,160,000, ukiingia kwa 1.8 anapata 3,240,000. Utasema si atanipigania basi, nae apate zaidi? Hapana, kwasababu akikupigania mteja akakasirika au akachukua mtu mwingine kwa wakala mwingine, anapata sifuri. Milioni mbili ya haraka wiki hii kwake ni bora kuliko tatu ya mashaka mwezi ujao. Yeye ni kama dalali wa nyumba tu, anataka funguo zikabidhiwe ahamie kwa mteja mwingine. Sio adui yako, ila pia anapokwambia "mimi nakutetea dada" jua mteja wake yuko upande ule.

Na huo mshahara wa shukrani ndo unanikera kuliko yote. Biashara ya uwakala wa ajira inayoendeshwa kihalali mwajiri ndo analipa, mkataba namba 181 wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997 unasema kabisa wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Na hapa kwetu wakala wa ajira hafanyi kazi kienyeji, anatakiwa awe na leseni chini ya sheria ya huduma za ajira ya 1999. Muombe kwa upole namba ya leseni na jina la kampuni yake, alafu liangalie BRELA, wanakosajili makampuni, kama lipo. Akianza kuzungukazunguka umeshapata jibu. Na kama anafanya kazi kwenye wakala mkubwa mwenye jina, hiyo "shukrani" bosi wake haijui, ni ya mfukoni mwake. Usigombane nae kwenye simu, mwandikie tu: "Kuhusu nusu ya mshahara wa kwanza, naomba utaratibu huo niupate kwa imeili rasmi ya ofisi yenu." Hataandika. Ishu itakufa hapohapo.

Zile wiki tatu za kimya, kusema ukweli nusu ni tabia mbovu na nusu ni kwamba nae alikuwa hajui. Kampuni inamkalia kimya, labda ulikuwa wa pili kwenye orodha na wa kwanza kakataa hiyohiyo 1.2, inatokea sana, na kama ndivyo basi una nguvu kuliko unavyodhani maana wamebaki na wewe na tarehe moja inakuja. Haimsamehei kutokukujibu, meseji ya "bado sijapata jibu, nakutafuta Alhamisi" inachukua nusu dakika. Dawa yake ni kwamba kila mwisho wa intavyu uulize nitajibiwa lini na nani, alafu siku mbili baada ya tarehe hiyo tuma ujumbe mmoja, baada ya hapo endelea kutafuta kana kwamba hiyo kazi haipo. Usisimamishe maombi mengine kwasababu mtu mmoja kakwambia "uko vizuri sana wamekupenda."

Lile jaribio limenishtua zaidi. Miezi mitatu ya taarifa halisi za benki za kampuni hiyo sio jaribio ni kazi, kuna mtu ofisini alikuwa na malimbikizo na wewe umemmalizia bure. Jaribio la kawaida la mhasibu ni la saa moja au mawili, namba za kubuni, ofisini kwao au mtandaoni, wanaangalia unavyofikiri. Alafu kampuni inayompa mtu wa nje taarifa zake za benki kabla hata hajasaini chochote, jiulize udhibiti wa ndani ukoje huko, maana ukiingia utakaa wewe kwenye hicho kiti mkaguzi akija. Kwa mbele ukipewa kitu cha hivyo waambie "nitafanya mwezi mmoja kuonyesha njia ninayotumia, ukubwa huo uliobaki tunaweza kuzungumza kama kazi ya muda ya kulipwa." Wakikasirika ni vizuri umejua mapema.

Kitu kingine hujauliza ila kagua: muulize CV yako kaipeleka kampuni gani na gani. Marikruta wabovu wanasambaza CV kama vipeperushi. Mawakala wawili wakipeleka CV moja kwa mwajiri mmoja wanaanza kugombania nani alipwe, mwajiri akiona kelele anakuruka. Na mkataze kwa maandishi asimpigie mwajiri wako wa sasa kuulizia habari zako kabla hujasaini, nimeona watu wanapoteza kazi waliyonayo kwa simu ya namna hiyo.

Haya, sasa majibu yako ya Jumatatu. Tuma Jumapili jioni kwa imeili, sio WhatsApp, na kama una anuani ya HR wa kampuni mliyekutana nae kwenye intavyu muweke kwenye nakala. Hapo rikruta atanuna, ila wewe umeshaongea na hao watu uso kwa uso mara tatu, sio siri kwamba upo. Andika hivi:

"Habari. Asante kwa ofa ya nafasi ya mhasibu, na bado nina nia ya dhati na kazi hii. Mwanzoni nilielezwa kuwa bajeti ni kati ya 1,800,000 na 2,000,000 grosi, na kwa msingi huo nilishiriki intavyu tatu na jaribio. Kwa majukumu tuliyojadili, uzoefu wangu na CPA, naomba mshahara uwe 1,850,000 grosi. Naomba pia barua ya ofa inayoonyesha mshahara wa msingi, posho, mchango wa NSSF na kipindi cha majaribio. Kwa mkataba wangu wa sasa natakiwa kutoa notisi ya siku 28, hivyo tarehe ya kuanza ihesabiwe kutoka siku nitakayosaini. Nitajibu ndani ya siku tatu za kazi baada ya kupokea barua."

Basi. Usieleze kodi ya nyumba, usieleze mdogo wako anasoma, usiseme "naomba mnifikirie." Sio kwamba shida zako hazina maana, ila mezani kwao zinageuka kuwa sababu ya kujua utakubali chochote. Umeona nimeweka 1.85 na sio 1.8, hiyo inakupa pa kushukia. Kwa mimi kikomo chako cha chini kiwe 1.6, hapo mkononi inafika 940,000, ni laki mbili na 16 juu ya unachopata leo, hiyo inastahili mtu kuhama. Wakija na 1.4 ni laki na ishirini zaidi mkononi, hapo ni wewe, mimi ningekubali tu kama ofisi ni ya kunifundisha kitu ambacho nilipo sikipati. Chini ya hapo baki ulipo uendelee kutafuta ukiwa na mshahara unaingia.

Watakujibu kwa kauli ambazo nakutajia uzizoee. Ya kwanza "anza na hiyo, baada ya probesheni tutakuongeza." Sawa, waandike kwenye mkataba: kuanzia tarehe fulani mshahara utakuwa kiasi fulani. Wasipoandika haipo, meneja aliyeahidi atahama na atakayekuja atakuuliza ushahidi. Na ujue kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo hana ile kinga ya kuachishwa kazi isivyo halali, yani unaacha sehemu yenye kinga unaenda sehemu isiyo na kinga, hilo peke yake lina bei na bei yake iwe kwenye mshahara wa mwanzo sio wa baadae.

Ya pili, "msingi ni laki saba ila kuna posho, jumla inafika huko unakotaka." Hapa kaa macho. Overtime inahesabiwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, kiinua mgongo ukiachishwa ni angalau siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliomaliza mpaka miaka kumi. Msingi ukiwa mdogo hivyo vyote vinakuwa vidogo, na posho ya "mawasiliano" au "utendaji" ndo kitu cha kwanza kukatwa biashara ikiyumba. Uliza posho gani ni ya kudumu na ipi inategemea nini. Na uliza kama hiyo namba wanayotaja imejumlisha mchango wao wa NSSF, maana wapo wanaokutajia gharama yote ya mwajiri wakaiita mshahara. Tozo ya kuendeleza ujuzi SDL na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi WCF ni vya mwajiri, visionekane kwenye slipi yako.

Ya tatu "wapo watu kumi wanaitaka." Mjibu "naelewa, nasubiri barua" basi. Kama kweli wangekuwepo kumi wa kiwango chako asingekupigia Ijumaa jioni.

Kuhusu kuanza tarehe moja, usikubali kuruka notisi kwa mtu yeyote. Anayelipwa kwa mwezi notisi ya kisheria ni siku 28, angalia na mkataba wako usije ukawa unasema zaidi. Ukiondoka bila kuifanyia kazi wanaruhusiwa kukata kwenye stahiki zako hela ya siku hizo, na utahitaji barua na jina zuri huko unakotoka. Barua ya kuacha kazi isitoke kwenye droo mpaka mkataba mpya umesainiwa pande zote mbili na una nakala. Sio ofa kwenye simu, sio "umepita hongera", mkataba. Na soma mwajiri aliyeandikwa pale juu ni nani, kama ni ile kampuni uliyofanyia intavyu au ni jina la wakala, maana siku ya mgogoro ukienda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, swali la kwanza ni nani mwajiri wako.

Hilo la kuchoka nimelisoma na silipuuzi. Kutafuta kazi huku unafanya kazi kunakula, unaomba ruhusa za uongo, unafanya intavyu chooni ukiwa umeshika simu, kila simu ngeni unadhani ni yenyewe. Na hao watu wanajua wenye hali hiyo wanakubali haraka. Lakini wewe una mshahara, una CPA, na kampuni imekuita mara tatu mpaka ikakupa ofa kwenye nafasi ambayo yenyewe ilisema ni ya 1.8. Hujakosa kazi, umepewa bei mbaya, na bei mbaya inarudishwa.

Wakikaa kimya baada ya imeili yako, Jumatano asubuhi piga simu moja kwa HR mwenyewe sio rikruta, uulize kama wameipata. Barua ikija nitumie ukurasa wa mshahara na wa probesheni tu, jina lako na la kampuni yafute, nitakusomea kabla hujasaini.